Mkono umepata nguvu, kazi bado haifanyiki: nimekosea wapi?

*Barua*

Shikamoo Mama,

Mimi ni binti wa miaka 27, mtaalamu wa tiba kazi, yaani kumsaidia mgonjwa arudi kufanya shughuli zake za kila siku, katika hospitali moja ya wilaya huku mkoani Mbeya. Nilichukua stashahada Moshi na sasa ni mwaka wangu wa tatu kazini. Katika fani hii niko peke yangu hapa. Yupo kaka mmoja wa fiziotherapia, lakini kila mtu ana foleni yake.

Miezi mitatu iliyopita nilipokea mama wa miaka 58, mkulima wa ndizi na chai kutoka milimani. Alipata kiharusi na upande wa kushoto ukalegea. Anaongea vizuri, anacheka, majina ya wajukuu wote anayataja. Nilimpima nguvu na mwendo wa mkono, nikaona tatizo ni udhaifu wa mkono, tukaanza: kukamua sponji, kupanga koni, ubao wa vibanio tisa, yaani vijiti vidogo vinavyotolewa kwenye bakuli na kuchomekwa kwenye matundu huku muda ukipimwa. Mara mbili kwa wiki anashuka kwa bodaboda kisha anapanda Hiace. Siku ya kwanza mkono wa kushoto ulimaliza vibanio kwa dakika tatu na zaidi. Sasa anamaliza kwa sekunde 58. Nikaandika kwenye faili: maendeleo mazuri.

Mwezi uliopita mwanaye wa kiume akaniambia, "Dada, tunashukuru, ila nyumbani mama hafanyi chochote. Mkono umekaa tu." Niliumia. Nikajiambia labda mama mwenyewe hajitumi, maana hata hapa hayuko makini. Sweta anavaa mkono mmoja, wa kushoto unaning'inia. Akiingia anagonga bega kwenye fremu ya mlango. Siku akila hapa anaacha mboga pembeni mwa sahani halafu analalamika kwamba hajashiba. Bakuli la vibanio nikiliweka kushoto alikuwa anachelewa mno kuanza, kwa hiyo siku hizi naliweka kulia tusipoteze muda. Wiki iliyopita alikuja na malengelenge kwenye vidole vya mkono wa kushoto. Nilimuuliza ameunguzwa na nini, akasema hajui. Nikampeleka kwa nesi, akafungwa bandeji, tukaendelea.

Sasa juzi daktari mmoja mgeni alipita chumbani kwangu tukiwa kwenye mazoezi. Akaniuliza, tena bila ukali wowote, "Kwa nini vibanio?" Nikajibu, "Ndivyo tunavyofanya kwa wagonjwa wa kiharusi." Akaitikia kwa kichwa, akaondoka.

Mama, tangu siku hiyo sijalala vizuri. Nimeona kwamba kutenda ninajua, kufikiri sijui. Nimekutana na tangazo la kozi ya fikra tunduizi, yaani kufikiri kwa kuhoji na kupima, kwa mtandao, ada yake ni karibu nusu ya mshahara wangu. Nilipe? Au akili ya namna hiyo mtu huzaliwa nayo?

Binti wa Mbeya

*Jibu*

Marahaba mwanangu.

Kabla ya kozi, kabla ya daktari, tuanze na yale malengelenge. Usisubiri siku yake ya kliniki. Mpigie mwanaye simu leo, umwambie mama asikae karibu na mafiga peke yake, asiepue sufuria, na maji ya kuoga yapimwe na mtu mwingine. Mtu anayeungua vidole na hajui ameunguzwa na nini, ama mkono hauhisi moto, ama akili yake haiuangalii mkono huo, ama yote mawili. Huko milimani kwenu, kwa baridi ile, watu wanaishi jikoni. Hilo ndilo jambo la hatari kuliko yote katika barua yako, na umelipa mstari mmoja na nusu.

Akija, mpime hisia. Afumbe macho, umguse kwa pamba, kisha kichupa cha maji baridi na kingine cha maji ya uvuguvugu, kisha umpandishe kidole au umshushe akwambie kimeelekea wapi. Hukuniandikia popote kwamba hayo yalifanyika. Uliandika nguvu na mwendo tu.

Sasa kozi. Usilipe kwanza. Nimeisoma barua yako mara tatu, na mara ya tatu nilisimama, nikatembea chumbani. Wewe unasema hujui kufikiri, lakini umeona mambo ambayo wataalamu wenye miaka 20 kazini wanapita wasiyaone. Umeona sweta. Umeona fremu ya mlango. Umeona mboga zilizobaki pembeni, ingawa hukuniambia pembeni ipi, na mimi nina hamu kubwa ya kujua kama ni kushoto. Umeona kwamba bakuli likiwa kushoto anachelewa. Macho yako ni mazima. Shida ni kwamba vyote umeviandika kama tabia ya mama. Ulikwisha kuamua kwamba tatizo ni udhaifu wa mkono, basi kila kisichoingia humo kikawa uzembe wake.

Unajua kiharusi kilichopiga upande wa kulia wa ubongo kinaweza kumwacha mtu akiupuuza upande wake wa kushoto. Mlisoma, lazima mlisoma. Jicho linaweza kuwa zima na mkono ukawa na nguvu, lakini ubongo hauendi upande huo. Mtu anakula nusu ya sahani na kuona amepewa kidogo, na mkono wake unakaa pajani kama wa jirani. Tena mara nyingi mwenyewe hana habari, kwa hiyo ukimuuliza "Mama, unaona vizuri?" atakujibu naona vizuri, na hatakuwa amekudanganya.

Lakini nakuomba usiniamini. Nasema kwa dhati. Mimi niko mbali, sijamgusa mama huyo, na ukilibeba jibu langu kama ulivyolibeba lile la vibanio tutakuwa tumebadilisha wimbo tu, ngoma ni ileile. Kuna maelezo mengine yanayoweza kuleta picha hiyohiyo. Huenda amepoteza nusu ya uwanja wa kuona, yaani eneo lote ambalo macho huliona bila kugeuka, nalo ni tatizo tofauti. Huenda ana mtoto wa jicho, au sukari imeharibu macho. Huenda mkono ulilala wiki nyingi mwanzoni, akajifunza kuishi bila huo, na sasa una nguvu lakini mazoea ya kutoutumia yameshaota mizizi. Huenda nyumbani mkwe na wajukuu wanamnyang'anya kila anachoshika, "Mama pumzika," kwa upendo kabisa. Huenda ana huzuni. Baada ya kiharusi wengi huingia katika huzuni nzito, na mtu anayecheka mbele ya binti wa hospitali anaweza kulia usiku.

Kila moja kati ya hayo lina kitu kinacholitenga na lingine, na kazi yako wiki ijayo ni kutafuta vitu hivyo. Kaa mbele yake, akutazame puani, utikise kidole kushoto kisha kulia. Asipokiona kabisa kidole cha kushoto hata ukimwambia kinakuja, fikiria uwanja wa kuona, ingawa anayepuuza sana naye anaweza kukikosa. Halafu tikisa vyote viwili kwa pamoja. Akiona cha kushoto kikiwa peke yake, lakini vikija viwili akasema kimoja tu, cha kulia, hiyo ni dalili ya kupuuza. Fanya hivyo pia kwa kumgusa mikono, mmoja mmoja, kisha yote pamoja. Mchoree mistari kwenye karatasi, kila mmoja wa sentimita 20, aweke alama katikati. Anayepuuza kushoto kwa kawaida huisogeza alama kulia. Mwenye tatizo la uwanja wa kuona mara nyingi huikosea kuelekea upande asiouona, tena baada ya muda hujifunza kugeuza kichwa. Anayepuuza mara nyingi hageuzi.

Kama mama hajazoea kalamu, karatasi itakudanganya. Chukua sinia, utawanye maharage 20, kumi kila upande, umwambie ayaokote yote kwa mkono wa kulia. Usimsaidie, usimharakishe. Hesabu yaliyobaki na upande yaliko. Andika, kisha wiki mbili baadaye rudia kwa sinia lilelile, mpangilio uleule, mahali palepale pa meza. Hicho si kipimo kilichothibitishwa kitaalamu, na lazima uliandike hilo kwenye faili, lakini ni bora mara mia kuliko "hayuko makini".

Turudi kwenye bakuli. Hapo ndipo nilipoumia zaidi, na nakwambia kwa sababu nakupenda. Mama alikuwa anakuonyesha tatizo lake mara mbili kila wiki, kwa kuchelewa. Wewe ukalihamishia bakuli kulia, na kwa kufanya hivyo ukaufuta ushahidi. Zoezi likawa laini, muda ukashuka, namba zikapendeza. Kila unapojikuta unarekebisha zoezi ili mgonjwa afanikiwe, simama ujiulize umemwondolea nini njiani. Kurekebisha si kosa, ndiyo kazi yetu. Kosa ni kurekebisha bila kuandika ulirekebisha nini na kwa sababu gani.

Halafu zile sekunde 58. Wewe umezitaja kwa aibu, kana kwamba ni ushindi uliogeuka uongo. Mimi naziona ni habari ya maana mno. Ulidhani hafanyi kazi kwa sababu mkono ni dhaifu. Mkono ukapata nguvu, kasi ikaongezeka mara tatu, na kazi haikuongezeka hata chembe. Basi dhana yako imepimwa na imeanguka. Angalau udhaifu si habari yote. Ungeweza kulijua hilo wiki ya nne badala ya wiki ya kumi na mbili, kama siku ya kwanza ungekuwa umeandika mstari mmoja: "Nikiwa sahihi, baada ya wiki nne mama atakuwa anamenya ndizi kwa mikono miwili nyumbani. Asipofanya hivyo, nimekosea." Sekunde hazimenyi ndizi. Kipimo cha vibanio kinakwambia habari za vidole, na daktari yule alikuwa anakuuliza habari za mama.

Nikusimulie ya kwangu, kwa sababu sikuzaliwa na akili hiyo unayoisema.

Miaka mingi iliyopita nilimpokea mtoto wa miaka tisa kutoka Makete. Ana kifafa, alianguka motoni, mgongo wa mkono wa kulia ukaungua. Nilimtengenezea gango zuri, kifaa kigumu cha kuushikilia mkono, kwa kufuata kila nilichofundishwa: kifundo cha mkono kimeinuliwa nyuzi 30 kwenda nyuma, vifundo vya vidole vimekunjwa nyuzi 70, vidole vyenyewe vimenyooka, ili ngozi inapopona isivute mkono ukawa kama ukucha wa mwewe. Nikamwonyesha bibi yake namna ya kulifunga. Nikauliza, "Bibi, tumeelewana?" Akasema, "Tumeelewana, mwanangu." Waliporudi baada ya wiki tano, vidole vilikuwa vimeanza kujikunja, na gango lilikuwa safi kama siku nilipolitoa. Niliandika kwenye faili maneno ambayo bado yananichoma: familia haitoi ushirikiano.

Baadaye nilipata lifti ya gari la chanjo, nikafika kwao. Bibi akaingia ndani, akafungua sanduku, akatoa kitenge chake kizuri, na ndani ya kitenge gango halikuwepo, kwa sababu siku hiyo lilikuwa mkononi kwa mtoto. Bibi alimvisha alipoona gari. Alinieleza kwamba siku zote lilikaa sandukuni, moshi usiliharibu, kwa kuwa alijua ni mali ya hospitali na siku moja litadaiwa. Hakuna aliyemwambia ni la mtoto, usiku na mchana, hata likiingia masizi. Mimi sikumwambia. Gango safi ndilo lililokuwa ushahidi. Gango linalovaliwa na mtoto wa kijijini haliwezi kuwa safi baada ya wiki tano. Nililishika mkononi, nikaliona, nikaandika lawama.

Mtoto yule alihitaji upasuaji wa kulegeza ngozi. Anautumia mkono wake leo, lakini miezi ile aliipoteza kwa sababu ya neno "tumeelewana".

Kwetu mtu mzima hamwambii mtaalamu "sijaelewa". Atakuitikia kwa heshima, na ndiyo yake ni salamu, haina jibu ndani yake. Kwa hiyo acha maswali ya ndiyo na hapana. Mwambie mama, "Nisimulie, jana tangu ulipoamka, nani alikuvisha, ulikaa wapi, chai ilipikwa na nani?" Mwache aende taratibu, hata akipitia kwa jirani na kwenye msiba wa wiki iliyopita. Mwanaanthropolojia wa Marekani, Claudia Mattingly, alikaa na wataalamu wa tiba kazi katika hospitali moja ya Boston miaka ya 1980 akitazama namna wanavyofikiri. Aliona kwamba sehemu kubwa ya fikra zao haiendi kwa taratibu za ugonjwa peke yake, inaenda kwa hadithi: mtu huyu alikuwa nani kabla, sasa yuko wapi, na tunajaribu kumrudisha kwenye maisha gani. Wewe una hadithi ya mkono. Ya mama mwenyewe bado hujaniambia. Sijui kama anataka kurudi shambani, kumenya ndizi za mbalaga, au kumbeba mjukuu mgongoni. Inawezekana hakuna aliyemuuliza.

Ukishajua, mpe mbegu kumi za mahindi na bakuli, umwambie, "Kumenya ndizi kulivyo sasa, weka mbegu ngapi? Kumi ni kama zamani." Kisha mbegu nyingine kwa kuridhika kwake. Kuna kipimo kilichotungwa Kanada, kilichotoka mwaka 1991, kinachofanya hivyo kwa namba 1 hadi 10, na huko kupanda kwa alama mbili huhesabiwa kuwa badiliko la maana kwa mgonjwa. Mbegu si kipimo chenyewe, lakini mantiki ni hiyohiyo: anayepima maendeleo ni yeye.

Kuhusu upweke wako, hilo ni gumu, na sitakudanganya kwamba daftari linaziba pengo la mwalimu aliye pembeni yako. Hata hivyo nunua daftari. Mgonjwa mpya akija, kabla hujagusa kifaa, andika unadhani tatizo ni nini, ni maelezo gani mengine mawili yanayowezekana, na ni kitu gani ukikiona kitakuonyesha kwamba umekosea. Baada ya mazoezi, andika jambo moja ambalo halikuingia kwenye maelezo yako. Moja tu, hata likiwa dogo kama sweta. Siku za foleni ndefu hutaweza kwa wote, basi chagua mmoja.

Yule kaka wa fiziotherapia, mwombe nusu saa kila Ijumaa, pamoja na nesi aliyefunga zile bandeji. Mgonjwa mmoja, na anayemleta aje na kile kinachomsumbua, asije na mafanikio. Wenzako mliosoma nao nao wapo, wametawanyika mikoani na kila mmoja yuko peke yake kama wewe. Tengenezeni simu ya pamoja mara moja kwa mwezi. Jina la mgonjwa na kijiji chake visitajwe.

Na yule daktari, kama bado yupo, mtafute. Usiende kuomba radhi, hukumkosea. Mwambie, "Daktari, uliniuliza kwa nini vibanio. Nimeangalia tena, na nadhani swali langu lilikuwa silo. Naomba uniangalizie uwanja wa kuona wa mama na sukari yake." Wapo watakaochukia kuulizwa na binti mdogo, nami nimekutana nao. Lakini aliyekuuliza kwa nini bila ukali, kisha akakuachia nafasi ya kufikiri, sidhani kama ni mmoja wao.

Kama ikithibitika kwamba mama anapuuza kushoto, vibanio usivitupe. Bakuli lirudi kushoto. Funga kitambaa chekundu ukingoni mwa meza upande huo, na kila mara aanze kazi kwa kukitafuta kitambaa kwa macho, kichwa kikigeuka, ndipo aendelee kulia. Mfundishe na mkwe wake afunge kama hicho kwenye ukingo wa sinia nyumbani na kwenye fremu ya mlango, kushoto. Mkono wa kushoto uwe mezani kila wakati, aone unashika ndizi hata kama kisu kiko kulia, na kisu kiwe butu kwa sasa. Watu wakimsalimia wakae kidogo kushoto kwake, wasimrukie kutoka huko ghafla. Na siku moja ufike kwao. Beba sinia, panda hiyo Hiace, ukae jikoni kwake umtazame bila kumfundisha chochote kwa saa nzima.

Ikithibitika ni kitu kingine, utakuwa umeniona mimi nikikosea, na nitafurahi uniambie hivyo hapa hapa mbele ya wasomaji.

Niandikie yalibaki maharage mangapi na yalibaki upande gani, na vidole vyake vinaendeleaje.